Upinde wa Kuwindia: Uzito wa Mvuto Unaomfaa Mwindaji

Uzito wa mvuto ni nguvu inayohitajika kuuvuta upote, yaani uzi wa upinde, kutoka pale unapotulia hadi pale mwindaji anapouachia. Hauhusiani na uzito wa upinde wenyewe ukiwekwa kwenye mizani: upinde mwepesi kama fimbo ya mchungaji unaweza kuwa mgumu kuvuta kuliko mwingine ulio mzito mara tatu. Kwa desturi kipimo hiki huandikwa kwa ratili, hata katika nchi ambazo kila kitu kingine hupimwa kwa kilo. Ratili 40 ni takriban kilo 18, pungufu kidogo ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Ratili 50 ni karibu kilo 23, ratili 60 ni kilo 27, na ratili 70 ni kilo 32. Ndoo ya kilo 18 hubebwa kwa mkono mzima na mwili wote ukiwa umesimama wima chini yake. Upinde wa ratili 40 huvutwa kwa vidole vitatu, mkono ukiwa umekunjwa, na kazi kubwa ikifanywa na misuli ya mgongo ambayo watu wengi hawaitumii hivyo mahali pengine popote.

Kwenye upinde usio na magurudumu namba huandikwa pamoja na urefu wa mvuto. Upinde ulioandikwa ratili 45 kwa inchi 28 hutoa ratili 45 pale tu upote unapovutwa hadi inchi 28. Kwa kawaida ya watengenezaji, urefu huo hupimwa kutoka mkiani mwa mshale unaposhika upote hadi pale panapokaa kiganja kwenye mshikio, kisha huongezwa inchi moja na robo tatu. Kila inchi inayozidi au kupungua hubadilisha uzito kwa ratili 2 hadi 3. Basi upinde mmoja wa ratili 50 huwa wa ratili 45 hivi mikononi mwa mtu mfupi anayevuta inchi 26, na wa ratili 55 kwa mrefu anayevuta inchi 30. Watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya ugumu wa upinde uleule, na wote wakawa wanasema kweli.

Kwa hiyo urefu wa mvuto hujulikana kwanza, ndipo uzito ukafuata. Njia ya haraka ni kusimama ukiegemea ukuta, mikono imenyooshwa pande zote mbili bila kujivuta, na kupima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya kile cha mkono wa pili. Urefu huo ukigawanywa kwa 2.5, jibu hukaribia urefu wa mvuto. Mwenye sentimita 175 hupata sentimita 70, yaani inchi 27 na nusu na ushei. Uzito halisi hupimwa kwa mizani ya ndoano, ileile ya wauza nyama na samaki: mizani hutundikwa juu, upote huwekwa kwenye ndoano, upinde huvutwa chini taratibu hadi alama ya urefu wa mvuto wa mwenyewe, na namba ikasomwa hapo. Anayenunua upinde uliokwisha kutumika asiiruke hatua hii. Mti huchoka, na upinde uliosahauliwa miaka kadhaa ukiwa umetiwa upote huwa umepoteza ratili kadhaa ambazo maandishi ya fundi bado yanazitaja.

Namba ileile haina maana ileile kwa kila aina ya upinde. Upinde wa mti mtupu, na ule ambao ncha zake zimepindwa kuelekea mbele, huongezeka ugumu kadiri unavyovutwa, na mwindaji hubeba uzito wote wakati anapolenga. Upinde wa kapi, yaani ule wenye magurudumu nchani, ni jambo jingine. Mmarekani Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri aliuombea hataza mwaka 1966, akaipata mwaka 1969. Mabaharia wa majahazi wanaijua kapi kwa kazi ya kupandishia tanga, lakini kapi za Allen zina hila: tundu la ekseli haliko katikati, hivyo gurudumu linapozunguka wenzo hubadilika. Mvuto hupanda upesi, hukaa juu kwa kitambo, kisha huporomoka karibu na mwisho. Upinde wa kapi wa siku hizi hupunguza asilimia 65 hadi 90 ya uzito mwishoni. Wa ratili 60 unaopunguza asilimia 80 humwachia mwindaji ratili 12 tu za kushikilia wakati analenga.

Kuna faida mbili hapo. Ya kwanza ni utulivu wa kulenga. Ya pili ni kwamba, kwa sababu mvuto hukaa juu kwa sehemu kubwa ya safari ya upote, nishati nyingi zaidi hulimbikizwa; ndiyo maana upinde wa kapi wa ratili 50 kwa kawaida huushinda wa mti wa ratili 60. Wengi hudanganyika dukani hapohapo. Wakishauvuta hushika ratili 12, wakajiona mashujaa, na kusahau kwamba kufika huko walipita kilele cha ratili 60 mkono ukiwa katikati ya safari, sehemu ambayo bega ni dhaifu. Porini, mwindaji akiwa amepiga goti nyuma ya kichaka, kilele hicho humrudia kikiwa kigumu zaidi.

Ili kujua uzito gani unatosha ni lazima kujua mshale unaua vipi. Risasi huvunja na kutikisa. Mshale usio na sumu hukata: mnyama hufa kwa kutokwa damu na kwa mapafu kunywea hewa inapoingia kifuani, na hilo hutokea upesi hasa pale kigumba, yaani ncha ya chuma, kinapopita katikati ya mapafu yote mawili. Mshale ukitokeza upande wa pili, matundu mawili huacha mfululizo wa damu unaofuatika. Wembe wa kigumba na mahali kinapoingia hutangulia. Nguvu ya upinde ni ya tatu. Ratili 70 haziokoi mshale uliogonga mfupa mnene wa bega, ilhali ratili 45 zenye kigumba chenye makali zinaweza kuupitisha mshale mbavuni mwa kulungu mkia-mweupe wa Marekani ukatokea upande wa pili.

Nguvu ya mshale wenyewe hupimwa kwa njia mbili: nishati na msukumo. Upinde wa mti wa ratili 45 unaorusha mshale wa gramu 29 kwa mita 49 kwa sekunde huupa nishati ya jouli 35. Mshale wa gramu 36 kwenye upinde huohuo utapungua mwendo hadi mita 45 hivi, na nishati itabaki karibu palepale, jouli 36. Msukumo wake, hata hivyo, ambao ni uzito mara mwendo, huongezeka kwa zaidi ya asilimia 12. Mshale mzito hausimamishwi kirahisi na ngozi, nyama na mbavu. Mmarekani Ed Ashby, aliyeanza kuchunguza upenyaji wa mishale huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, amekuwa akihimiza mishale mizito, ya kuanzia gramu 42 hivi, kwa wanyama wenye mifupa minene. Si kila mwindaji anakubaliana na namba hiyo, lakini mwelekeo wake ni sahihi: mwenye upinde mwepesi hujipatia upenyaji kwa kuongeza gramu kwenye mshale kabla ya kuongeza ratili kwenye upinde.

Wapenda pinde ngumu hujibu kwa hoja ya mwendo. Sauti ya upote husafiri karibu mita 340 kwa sekunde na humfikia mnyama kabla ya mshale, na kulungu aliyeshtuka hujikunja kuruka, mshale ukapita juu ya mgongo. Katika umbali wa mita 20, mshale wa mita 49 kwa sekunde humpa mnyama zaidi ya theluthi moja ya sekunde baada ya kusikia. Ule wa upinde wa kapi, wa mita 82 kwa sekunde, humpa chini ya sehemu moja ya tano. Tofauti hiyo ni kubwa, ila imetokana na aina ya upinde. Kuongeza ratili 5 kwenye upinde wa mti huongeza mita 2 au 3 tu kwa sekunde, na katika mita 20 hizo huokoa sehemu mbili za mia moja za sekunde. Kunyata mita 5 zaidi huokoa sehemu moja ya kumi. Miguu yenye subira ina faida mara tano ya bega lililojitutumua.

Sheria nazo zina kiwango chake. Jimbo la Alaska, Marekani, hudai angalau ratili 40 kwa wanyama kama karibuu na dubu mweusi, na ratili 50 kwa wakubwa kama musi, baisani na dubu wa kahawia. Colorado hutosheka na ratili 35. Namibia imechukua njia yenye akili zaidi. Haiulizi ratili za upinde, inauliza nishati ya mshale: jouli 34 kwa wanyama wadogo, 54 kwa wa wastani na 88 kwa wakubwa kama tandala na choroa, pamoja na uzito wa chini wa mshale kwa kila kundi. Kipimo hicho humpima mwindaji kwa kile kinachomfikia mnyama. Uingereza imepiga marufuku uwindaji wa upinde kabisa, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, hivyo huko upinde ni wa shabaha tu. Tanzania huongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na hakuna ratili zinazochukua nafasi ya kibali.

Kwa upinde wa kapi, ratili 40 hadi 50 humtosha mwindaji wa kulungu au swala pala kwa umbali wa kawaida. 50 hadi 60 hutosha kwa tandala. 60 hadi 70 kwa pofu. Kwa upinde wa mti, ratili 45 hadi 55 ndizo zinazobebwa na wawindaji wengi watu wazima. Hakuna haja kubwa ya kuvipita viwango hivi, isipokuwa kwa nyati na mfano wake, na huo si uwindaji wa anayeuliza bado achague upinde gani.

Wanaotaka kuvipita hutaja historia. Meli ya kivita Mary Rose ya Mfalme Henry wa 8, iliyozama karibu na Portsmouth mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilitoka na pinde zaidi ya 130 zinazokadiriwa kuwa za ratili 100 hadi 185. Karibu zaidi na nyumbani, Wawaata wa nyika ya Tsavo, ambao wengine huwaita Waliangulu, walivuta pinde zilizopita ratili 100 walipowinda ndovu, na pinde za Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hukaribia ratili 70. Yote ni kweli, na yote yana maelezo. Mifupa ya baadhi ya wanaume waliozama na Mary Rose ina mabega yaliyoumbika tofauti, jambo ambalo wachunguzi wamelihusisha na kuvuta pinde nzito tangu utotoni. Mtoto wa Kihadzabe hupewa upinde akiwa mdogo sana, na upinde hukua pamoja naye, hivyo uzito anaouvuta akiwa na miaka 25 umejengwa kwa miaka 20. Wawaata walihitaji kupenyeza kigumba chenye sumu ya Acokanthera katika ngozi ya ndovu, na walimkaribia mno mnyama kabla ya kuachia. Mfanyakazi wa ofisini anayenunua upinde wa ratili 70 mwezi wa tano ili awinde mwezi wa tisa hana hata moja kati ya hayo. Saxton Pope na Art Young, Wamarekani ambao pinde zao hazikuwa za mchezo, walipokuja Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa mishale, walikuwa na bunduki ya mwenzao Stewart Edward White nyuma yao.

Uzito unaofaa, basi, ni ule ambao mwili hauuoni kama kazi wakati wa kulenga. Mtu huujua kwa kujaribu, na jaribio hufanyika baridi, bila kupasha viungo, maana mnyama hangoji mtu anyooshe mabega. Upinde huelekezwa moja kwa moja kwenye shabaha na upote huvutwa nyuma kwa mstari mmoja, polepole, kwa hesabu ya tano. Anayelazimika kuelekeza upinde juu mbinguni ili auvute, au kuushusha magotini kisha kuupandisha, ameshindwa jaribio hata kama mwishoni alifika. Porini mwendo huo ndio humshtua mnyama. Kisha mwindaji huketi kwenye kigoda, miguu mbele, akavuta tena. Kisha hupiga goti. Kisha huketi mkekani akageuza kiwiliwili upande, mkao ambao hakuna anayeufanyia mazoezi na ambao uwindaji huudai mara kwa mara. Mkao mmoja ukishindikana, ratili 5 zipunguzwe.

Baada ya kuvuta huja kushikilia. Kwa upinde wa kapi nusu dakika ni kiwango cha haki, kwani mnyama aliyetia shaka anaweza kusimama kichwa juu muda huo wote. Kwa upinde wa mti, sekunde 5 hadi 10 zinatosha. Halafu upote hurudishwa taratibu bila kuachia mshale. Jambo hili dukani halijaribiwi, na ndilo humuumbua mwenye upinde mgumu: mnyama akigeuka, mwindaji mwaminifu hurejesha upote, lakini asiyeweza kuurejesha huuachia tu, na mnyama akaondoka na mshale tumboni.

Jaribio la mwisho ni la uchovu. Hupigwa mishale 30 kwa mwendo wa kawaida, na mitano ya kwanza ikalinganishwa na mitano ya mwisho. Mishale ya mwisho ikitawanyika au kushuka, uzito umezidi. Dalili nyingine huonekana na mtu anayetazama kando: bega la mkono unaoshika upinde linapanda kuelekea sikioni, kichwa kinaufuata upote mbele badala ya upote kukifuata kichwa, au mshale unaachiwa kabla mkono haujafika shavuni. Hili la mwisho ni baya kupita yote. Likikomaa huwa kiwewe, vidole vikafunguka vyenyewe mara jicho linapoiona shabaha, na wapo waliotumia miaka kulitibu kwa kurudi kwenye pinde za ratili 20. Maumivu juu au mbele ya bega ni amri ya kusimama. Kano ndogo zinazozunguka fundo la bega zikichanika huchukua miezi kupona, na nyingine hudai upasuaji.

Kwa anayeanza, watu wazima wengi hujifunza vizuri kwa ratili 25 hadi 35 kwenye upinde wa mti, watoto kwa 10 hadi 20. Mkazi wa mjini mwenye mwili mkubwa asijione ameshushwa hadhi; nguvu za kubeba gunia si nguvu za kuvuta upinde. Kuongeza hufanyika kwa ratili 2 hadi 5 kwa mara moja, wiki kadhaa zikipita kati ya ongezeko na ongezeko, kwa sababu misuli huzoea upesi ilhali kano huchelewa. Mazoezi ya siku tatu kwa wiki yenye mapumziko katikati huzidi ya kila siku.

Upinde wa kapi hurahisisha safari hiyo. Skrubu mbili zinazobana mabawa, yaani mikono miwili ya upinde inayopinda, hulegezwa au kukazwa, na mzunguko mmoja kamili hubadilisha kama ratili 2, ndani ya nafasi ya ratili 10 au zaidi aliyoiruhusu mtengenezaji. Zote mbili huzungushwa sawasawa, na kamwe hazilegezwi kupita kiwango kilichoandikwa, maana bawa linaweza kung'oka. Upinde wa mti wenye mabawa ya kufunguliwa huongezwa uzito kwa kununua mabawa mengine na kubaki na mshikio uleule. Upinde wa kipande kimoja huenda upande mmoja tu: fundi hukwangua upande unaomwelekea mpigaji ili kuulegeza, na mti uliokwanguliwa haurudishwi.

Uzito ukibadilika, mishale nayo huangaliwa upya. Mshale hupinda kidogo unaposukumwa, na ugumu wake lazima ulingane na upinde. Mlaini mno au mgumu mno hupotoka kando hata mpiga upinde awe hodari. Kuna pia uzito wa chini wa mshale kwa usalama wa upinde wenyewe. Kwa upinde wa kapi ni takriban gramu 0.32 kwa kila ratili, hivyo wa ratili 60 haupigi mshale wa chini ya gramu 19 na nusu. Pinde za mti hutaka gramu 0.5 hadi 0.65 kwa ratili. Nishati isiyochukuliwa na mshale hurudi kwenye mabawa, na ndiyo sababu kuachia upote bila mshale huweza kuvunja upinde papo hapo.

Msimu hudai punguzo lake. Huko Alaska na Colorado mwindaji hukaa saa nyingi kwenye baridi, na koti nene humfupishia mvuto na mkono wake hunasa upote; wazoefu hushusha ratili 5 kabla ya majira hayo. Katika unyevu wa pwani, upinde wa mti usiopakwa vanishi vizuri hunywa maji ya hewani na kulegea, hivyo mizani ya ndoano hutumika tena kila mwanzo wa mazoezi. Bega lililowahi kuumia, na umri, hufanya kazi ileile ya koti. Anayeshuka hadi ratili 40 au chini yake huchagua kigumba kisichofunguka, chenye makali mawili tu, kwa kuwa vile vinavyofunguka mnyamani hula sehemu ya nguvu iliyobaki. Huongeza uzito wa mshale, na hungoja mnyama afike ndani ya mita 15 akiwa amesimama ubavu. Akishuka chini ya kiwango cha sheria ya mahali alipo, upinde hubaki wa shabaha.